Ndama wa Jatani

"Tokko," alisema Levi, akinyoosha kidole. "Lama. Sadi. Afur."

Waliokuwa wakihesabiwa ni ndama wa Jatani, nyuma ya ua wa miiba. Mhesabuji alikuwa mwanafunzi wa miaka hamsini na mitatu, mwenye tamaa kubwa ya maksi. Kwa miezi miwili, kila Jumanne na Alhamisi jioni, Levi alinawa matope ya shamba lake la Hewani, akapanda bodaboda hadi Garsen na kukunja magoti kwenye kiti cha chekechea, ili Mwalimu Gumato amfundishe Kiorma na adabu za Waorma. Wafugaji nao, Jatani akiwemo, walikaa safu ya pili wakijifunza Kipokomo. Monita, babu wa wajukuu tisa, aliandika majina ya wapiga kelele ubaoni bila huruma.

Levi hakuenda kwa kupenda elimu. Alikwenda kwa ajili ya mpunga wake, ekari moja na nusu kando ya malka, ile njia ya mifugo kushukia mtoni. Zilibaki wiki tatu avune, na ukame ulikuwa umeleta ng'ombe wa kila upande. Kundi la Jatani ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Mwaka wa vita kati ya Wapokomo na Waorma, ng'ombe waliingia mahindini, na Godhana, kaka yake Levi, akatoka kwenda kuwafukuza. Alirudishwa nyumbani amelazwa juu ya mlango.

Sasa Mwalimu alikuwa amewapangia mtihani: kila mmoja amtembelee mwenzake wa upande wa pili. Alikuja mwenyewe bomani kwa Jatani na daftari kusahihisha adabu.

"Shan," akamalizia kwa fahari.

Sabdio, mke wa Jatani, alisimama na bakuli la buna, kahawa iliyokaangwa kwa samli, asiliweke chini wala asilitoe. Wana wawili wa Jatani, watu wazima wenye ndevu, waliinuka. Jatani akaiokota fimbo yake polepole.

"Mwalimu," Levi alinong'ona, "nimekosea? Baada ya afur si shan?"

"Ni shan," alijibu Mwalimu Gumato. "Umepata. Shida ndiyo hiyo. Mifugo ya mtu haihesabiwi. Nilifundisha ile wiki uliyougua malaria."

Jatani alimsogelea. "Mzee. Ng'ombe ya mtu Mungu tu nahesabu. Mwaka ile ya vita, mtu moja alikuja hapa kuuza mahindi. Akahesabu na macho. Kesho yake wakaja wengi, wanajua kabisa wachukue ngapi. Sasa wewe nahesabu na mdomo?"

Kiorma chote kikamtoka Levi, hata neno la kuomba radhi alilokuwa amelikariri kwenye bodaboda. Alitazama lango. Hatua thelathini, alikadiria, kisha akajikaripia kwa kuhesabu tena.

"Mimi nina mpunga," alisema hatimaye kwa Kiswahili. "Uko malka. Nilitaka kukuomba ng'ombe wako wapite katikati ya njia, basi. Kaka yangu alikufa kwa ajili ya mahindi. Naogopa, Jatani. Miezi miwili nakaa mbele yako darasani, na mgongo wangu haujapumzika hata dakika moja."

Jatani aliwatafsiria wanawe. Mmoja alicheka, kicheko kibaya.

"Mgongo yako?" Jatani akasema. "Mimi je? Kila jioni wewe nakuja na panga kwa mkoba."

"Ni ya kufyekea! Natoka shamba moja kwa moja!"

"Panga hajui tofauti. Hukuona mimi nakaa karibu na mlango?"

Levi hakuwa ameona.

"Ng'ombe naenda maji sasa," alisema Jatani. "Wewe umehesabu, wewe tatembea mbele. Moja ikipotea, nakuuliza wewe."

Mwalimu Gumato alifunga daftari bila kuandika kitu.

Basi Levi akatangulia. Kundi lilimfuata kwa kishindo kilichomwingia kupitia nyayo, na nyuma ya kishindo hicho kulikuwa na fimbo tatu ambazo hakuthubutu kugeuka kuzitazama. Alisikia wana wakizungumza. Alijitahidi kuelewa, alielewa neno "maji" tu, na neno hilo halikumtuliza.

Wakafika malka. Mpunga ulikuwa umeinamisha vichwa, wa manjano, bila ua wa kuuzunguka. Ng'ombe mwekundu akaacha njia na kunyoosha shingo.

Levi akageuka. Jatani alikuwa amesimama na wanawe, ameegemea fimbo yake, anatazama tu. Hakuita. Hakupiga mluzi.

Darasani hakuna aliyefundishwa kusema na ng'ombe. Levi akaingia kati ya mnyama na shamba, akatandaza mikono yake mitupu. Ng'ombe akapiga hatua moja zaidi, mpaka pumzi yake ya moto ikampiga Levi kifuani, kisha akasimama. Nyuma ya ng'ombe huyo wengine nao wakasimama, mmoja baada ya mwingine, na vumbi lao likaendelea kuja peke yake.