Bawa la Kitale, Mkia wa Bungoma

Chepngeno alifika Matulo na bawa limefungwa kwa leso kama mtoto mgonjwa, na kabla hata ya salamu akasema, "Usiliguse."

"Niaje pia wewe," Levi akamjibu.

"Poa. Usiliguse, nimesema. Mikono yako iko na gundi."

Ilikuwa na gundi kweli. Asubuhi hiyo yote ya Jumapili Levi alikuwa anabandika mkia, anaubandua, anaubandika tena, na sasa vidole vyake vilishikana kila akivikunja. Alijipangusa kwa suruali, akaangalia juu. Upande wa Mlima Elgon mawingu yalikuwa yameanza kuwa meusi.

"Twende," akasema. "Hiyo mvua haina urafiki na mtu."

Hawa wawili walikaa dawati moja kule Kitale mpaka kidato cha pili. Hapo Levi akatoka shule. Hakufukuzwa, hakukosa karo. Alishindwa tu kukaa kwa kiti. Akarudi Matulo kwa mjomba wake Wakoli, ndugu ya mamake, yule aliyemlea. Chepngeno alimaliza shule, sasa anachora mabango ya maduka pale Kitale mjini, na ni yeye alijua kukata foam kwa waya wa moto mpaka inatoka laini kama sabuni. Foam yenyewe alitoa kwa wale wa kuokota vyuma na makaratasi mtaa wa Kipsongo, ile inakuja imekumbatia friji mpya. Basi yeye akatengeneza bawa Kitale. Levi akatengeneza mwili, mkia na mota huku Bungoma, ndani ya stoo ya mjomba. Walikuwa wanaiga ile ndege ndogo yenye bawa juu ambayo Levi aliiona ikitua akiwa mtoto, nyeupe na mstari mwekundu, wakapunguza kila kitu kwa kipimo kimoja mpaka ikatoshea mezani. Miezi yote hiyo ilikuwa ni kutumiana picha na kutukanana kwa simu.

"Bila bawa langu hiyo yako ni fimbo," Chepngeno alikuwa anamwambia.

"Bila mkia wangu hiyo yako ni ubao wa kupigia pasi."

Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza fimbo na ubao zionane.

Na leo haikuwa siku ya mchezo. Wiki iliyopita Wakoli alisimama kwa mlango wa stoo, akaangalia vipande vya foam vimejaa mahali alitaka kuweka magunia, akasema mambo yake pole pole, vile husema akiwa amemaliza kukasirika.

"Kijana, nimechoka na hii takataka. Jumapili hiyo kitu iruke, izunguke uwanja, irudi ikiwa nzima. Ikifanya hivyo, stoo ni yako na sitakuuliza kitu. Ikikosa, Jumatatu asubuhi tunaenda Malakisi."

"Khocha," Levi akamwita mjomba kwa Kibukusu, "Malakisi tena?"

"Malakisi tena. Mpaka msimu uishe."

Levi aliijua Malakisi. Msimu uliopita alikaa huko kwa tanuri la kukausha tumbaku, kulisha moto usiku na mchana, ukilala kidogo moto unashuka na majani yanaharibika. Ile harufu iliingia kwa nywele, kwa chakula, kwa mate. Alitoka huko anakohoa kama mzee. Aliapa harudi. Lakini anaishi kwa nyumba ya Wakoli na anakula ugali ya Wakoli, na neno la Wakoli likitoka limetoka.

Uwanja wa shule ulikuwa tayari na watu. Waliotoka kanisani walipita hapo na nguo zao nzuri, wakasimama. Vijana wa boda walikuwa wamepanga pikipiki kando ya goli. Wakoli mwenyewe alikaa kwa jiwe, koti la Jumapili mwilini, fimbo katikati ya magoti.

"Levi!" Sifuna wa boda akaita. "Hiyo kitu ikiangukia choo ya shule mimi siingii kuitoa!"

"Wewe hata ikiangukia kwa sahani yako utaikula!"

Watu wakacheka. Levi hakucheka. Alipiga magoti kwa nyasi, Chepngeno akafungua leso, na bawa likatoka. Lilikuwa zuri mpaka likamuudhi. Jeupe, limenyooka, ncha zote mbili zimeinuliwa kidogo kwenda juu. Walilikalisha juu ya mwili, wakalifunga kwa mipira ya kukatwa kwa tyubu ya baisikeli. Chepngeno akaweka ncha za vidole viwili chini ya bawa, akaiinua. Pua ikashuka kiasi tu, ikatulia.

"Imekaa," akasema, na sauti yake ilikuwa na mshangao. "Bana, imekaa!"

Ngurumo ikapiga mbali, huko Elgon. Upepo ukaanza kugeuza majani ya miti ya blugamu nyuma ya madarasa.

"Haraka," Levi akasema.

Mkia alikuwa ameupima nyumbani, mezani. Kulikuwa kumebaki vile vibao viwili vya nyuma ya bawa, vinavyolaza ndege upande huu au ule. Chepngeno alikuwa anavuta mpira wa mwisho kule nyuma. Levi akachuchumaa mbele ya ndege, propela ikimwangalia usoni, rimoti kwa magoti. Akasukuma kijiti kulia. Alitarajia cha kulia kipande, lakini kibao kilichopanda kilikuwa kwa mkono wake wa kushoto.

"Umefunga vibao kinyume," akasema.

"Sijafunga kinyume. Nilipima mara mia."

"Naona kwa macho yangu. Si kitu, nitageuza kwa rimoti." Akaingia kwa menyu, akabonyeza, akatoka. Akasukuma tena kulia. Kibao cha kulia kwake kikapanda. "Sasa iko sawa."

"Levi, ngoja niangalie nikiwa—"

"Mvua itatungoja? Nimeangalia!"

Chepngeno akainuka, akapangusa magoti, akasimama kando yake na mikono amekunja.

Levi akaiweka ndege ielekee upepo. Akapumua. Akasukuma moto pole pole, na mota ikaanza kulia, ndogo kama nyuki, halafu kubwa. Ndege ikaanza kutembea. Iliruka-ruka kwa nyasi, mkia ukanyooka, na kabla hajajua ameivuta ama imejivuta yenyewe, magurudumu yalikuwa hewani.

"Ameitoa! Ameitoa chini!" mtu akapiga kelele.

Ilipanda. Nyeupe kwa yale mawingu meusi, mstari mwekundu ubavuni, ilipanda kama ile ya kweli.

Halafu upepo ukaipiga. Bawa la kushoto likashuka kidogo. Si shida. Levi akasukuma kijiti kulia, ainue.

Bawa likashuka zaidi.

Akasukuma kulia zaidi. Ndege ikajilaza kushoto kabisa, ikaacha uwanja, ikaelekea kwa watu wa kanisani. Wanawake wakapiga mayowe, wengine wakalala chini na nguo zao za Jumapili. Ilipita juu yao, watu waliskia upepo wake.

"Inanikataa! Chepngeno, inanikataa!"

Mkono wake ukaogopa, ukaachilia kijiti. Na hapo ndege, bila mtu kuigusa, ikaanza kujinyoosha yenyewe. Zile ncha zilizoinuliwa zilikuwa zinafanya kazi yake. Lakini mbele yake kulikuwa na paa la darasa, na nyuma ya paa blugamu.

"Ulipima ukiwa wapi?" Chepngeno akauliza. Hakupiga kelele. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nini?"

"Vibao. Ulikuwa umekaa wapi?"

"Mbele."

"Mbele! Kulia yako si kulia ya ndege! Umeligeuza bawa, Levi!"

Levi akainamisha kichwa atafute menyu.

"Wewe! Ukiangalia menyu, nani ataangalia ndege? Ivute juu! Juu!"

Akavuta. Ndege ikaruka paa kama mtu anaruka mtaro, ikaanza kwenda kwa blugamu. Kidole gumba chake cha kulia kikataka kwenda upande, chenyewe, vile kilizoea miezi yote kwa ule mchezo wa kurusha ndege kwenye simu. Akajaribu kufikiria kinyume. Kulia ni kushoto, kushoto ni kulia. Kichwa kikajaa. Kidole kikaenda mahali si pake, bawa likaanguka tena.

"Achana na bawa langu," Chepngeno akasema.

"Itaanguka!"

"Haitaanguka. Nililikunja lijinyooshe. Achana nalo kabisa. Tumia mkia wako."

"Kidole inaenda yenyewe!"

Basi akamkaribia, bega kwa bega, akaweka vidole vyake viwili kwa rimoti, kimoja upande huu wa kijiti na kingine upande ule, akakibana. Sasa kijiti kiliweza kwenda mbele na nyuma tu, kuinua pua na kushusha pua. Upande, hakuna.

"Mkia," akasema. "Mkono wa kushoto. Pole pole."

Levi akasukuma kijiti cha kushoto, kile cha mkia. Ndege ikafikiria. Kweli ilikuwa kama inafikiria, imeenda mbele sana, blugamu imekaribia mpaka majani yanaonekana moja moja, na hapo tu pua ikaanza kugeuka, na bawa likaifuata, kwa hiari yake, likalala vizuri. Ilipita kando ya mti wa mwisho.

"Uiii!" Sifuna akalia kule kwa pikipiki.

"Usiskie watu," Chepngeno akasema. "Endelea kugeuza. Hivyo hivyo."

"Unaniumiza kidole."

"Nitakikata nikitaka. Geuza."

Upande mmoja wa uwanja ulikuwa umeisha. Upepo ukaja tena na tone la kwanza la mvua, likaanguka juu ya rimoti. Ndege iligeuka duara kubwa, kubwa kuliko vile Levi alipanga, ikaenda juu ya mahindi ya jirani, ikawa ndogo, mstari mwekundu haukuonekana tena. Na mota ilikuwa imebadilisha sauti. Betri ilikuwa inaisha.

"Irudishe," Chepngeno akasema.

"Nairudisha."

"Irudishe sasa, Levi."

"Nairudisha, nimesema!"

Pua ikarudi. Ikawaelekea. Akapunguza moto, ikaanza kushuka juu ya mahindi, na hapo ndiyo akaona ng'ombe. Ngurumo ilikuwa imewatoa kwa kichaka, wamekuja wote kusimama katikati ya uwanja, wanene, wamejipanga kama wamealikwa.

"Ng'ombe! Mtu atoe ng'ombe!"

Watu walikuwa wanatazama angani, midomo wazi. Hakuna aliyesonga. Na moto wa kuinua ndege tena haukuwepo. Levi akajua imeisha. Aliskia ile harufu ya Malakisi kwa pua, hapo hapo, uwanjani.

Halafu koti likapita. Mzee Wakoli alikuwa anakimbia, fimbo juu, koti la Jumapili limepanuka kama kuku ameona mwewe, anatukana ng'ombe kwa Kibukusu maneno ambayo mtu aliyetoka kanisani hapaswi kuwa nayo. Akapiga mmoja matako. Akapiga mwingine. Kiatu kimoja kikabaki kwa tope la mvua ya jana, hakurudi kukichukua. Ng'ombe wakafunguka katikati, na ndege ikapita hapo katikati, juu ya kichwa chake, ikagusa nyasi.

Gurudumu la mbele likaingia kwa shimo la kwato. *Kra.* Ndege ikapiga pua, ikazunguka, ikatulia.

Chepngeno akatoa vidole vyake. Vilikuwa na alama nyeupe. Uwanja ukalipuka kwa kelele, Sifuna akapiga honi ya pikipiki mpaka ikakwama. Levi hakuskia. Alitembea mpaka pale, mjomba amefika kabla yake, ameinama anahema, mguu mmoja na soksi.

Gurudumu lilikuwa limekatika. Propela ilikuwa nusu.

"Nilisema irudi nzima," Wakoli akasema.

"Ulisema."

Chepngeno akaingilia. "Mzee, shida ilikuwa bawa langu. Si yeye. Nilifunga kinyume."

Ilikuwa kama mlango umefunguliwa. Levi angeingia tu, anyamaze. Akaangalia bawa, halina hata mkwaruzo.

"Anakudanganya, Khocha. Bawa lilikuwa sawa. Mimi ndiye niligeuza, alitaka aangalie, nikakataa kwa sababu nilikuwa na haraka. Ingeangukia watu. Na si nzima. Naona. Kesho nitaamka mapema twende Malakisi."

Wakoli aliangalia gurudumu. Akaangalia ng'ombe, mahindi, paa la darasa. Mvua ikaanza kuanguka sasa kwa nguvu, matone mazito. Watu wakakimbia.

"Ng'ombe hawakuwa kwa mapatano yetu," mzee akasema mwishowe.

"Eeh?"

"Nilisema iruke, izunguke, irudi. Sikusema kutakuwa na ng'ombe. Hata shimo ni yao." Alikuwa anatafuta simu mfukoni. "Hiyo gurudumu unatengeneza na nini?"

"Waya. Na kofia ya chupa."

"Basi." Akaweka simu sikioni, akapiga kelele ili ashinde mvua. "Walubengo! Uko Malakisi? Sikia. Yule kijana wa tanuri, usimngoje. Hapana, si mgonjwa. Tafuta mwingine. Ati nini? Ana kazi! Nimesema ana kazi!"

Akakata. Mvua ilikuwa imeingia kwa kola. Bila kufikiria, akainama, akavuta mpira wa tyubu, akainua bawa jeupe, akaliweka juu ya kichwa chake.

"Mzee!" Chepngeno akapiga mayowe, akamkimbilia. "Mzee, hapana! Hiyo si mwavuli!"

Lakini Wakoli alikuwa ameshaanza kukimbia kwa veranda ya darasa, kiatu kimoja, na Levi nyuma yake amekumbatia mwili na mkia ndani ya shati, anacheka mpaka anakohoa.