Sanduku la Besi la Ami Kamaludin

Bi Barka, mwimbaji na kiongozi wetu, aliniambia mbele ya kikundi kizima kwamba mkono wa kushoto wa Shifa unatosha.

Ngojeni nieleze. Shifa ndiye mpiga kinanda wetu, binti mpole, hana kosa lolote. Mkono wake wa kulia hupiga nyimbo, wa kushoto hukaa tu. Mimi ndiye mwenye gitaa la besi, huu mwaka wa tisa, katika kikundi chetu cha wanawake cha kuimba taarabu kwenye arusi hapa Lamu. Sasa ile amplifaya yetu ya zamani ilikufa, na mpya aliyoletewa Bi Barka kutoka Mombasa ina matundu mawili tu: moja la maikrofoni, moja la kinanda. Na kinanda, kwa bahati mbaya, kina besi yake humo humo ndani. Ukibonyeza upande wa kushoto, kinanguruma.

"Basi, Radhiya," Bi Barka akasema huku anamenya chungwa, "kama hutakuwa na spika yako mwenyewe arusi ya kwa Bi Ruba ikifika, Alhamisi ijayo, utakaa nasi upige makofi."

Nipige makofi! Mimi!

Wanaonijua wanajua kwamba hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kutafutwa. Lakini siku ile sikumjibu, kwa sababu ningefungua mdomo ningelia. Kupika napika kwa kubahatisha. Kushona nashona leo nikafumua kesho. Besi ndiyo kitu pekee duniani ambacho sibahatishi, na mwanamke yule alikuwa akininyang'anya huku anatema kokwa za chungwa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Yasir, ndugu yangu mdogo, anayetengeneza simu katika kiduka chake pale Mkomani. Hata salamu sikumpa vizuri.

"Spika ipo," akaniambia. "Inchi kumi na tano, imetoka kwenye gari bovu ng'ambo, Mokowe. Na amplifaya nitakuungia, tutaifunga humo humo ndani ya sanduku, utachomeka gitaa tu basi. Shida ni sanduku lenyewe, dada. Sanduku la besi halitaki upenyo. Upepo utoke tundu moja tu la mbele, hili hapa la kupumulia. Ukitoka pembeni kwenye maungio, sauti inakufa."

Akanichorea kwenye karatasi. Nikaipeleka kwa seremala wa kwanza, akanambia anachonga milango ya hoteli mpaka baada ya Ramadhani. Wa pili akanambia hivyo hivyo. Wa tatu sikumngoja amalize.

Akabaki Ami Kamaludin, ndugu yake baba. Ami hakuwa seremala wa makabati. Alikuwa fundi wa kalafati, kazi ya kuziba maungio ya mbao za vyombo vya baharini kwa pamba ili maji yasiingie. Ameifanya miaka hamsini. Siku hizi amestaafu, maana yake huenda pwani kila asubuhi kuwakosoa waliobaki. Nilimkuta amekaa juu ya gogo, nikampa ile karatasi, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Ni chombo gani hiki?"

"Si chombo, Ami. Ni sanduku la spika. Lisitoe upepo ila kwenye tundu hili moja."

"Upepo?" Akaniangalia kama nimemtukana. "We umeuona upepo kwa mato yako?"

"Sijauona."

"Basi. Mimi hupima kwa maji. Kisichongia maji hakitoi upepo. Niatia siku nne."

Siku nne hizo nilishinda naye pwani, nikishika mbao na kupokea matusi. Alikuwa na vipande vya mbambakofi vilivyobaki kwenye chombo fulani, mbao nzito, za kudumu kuliko sisi sote. Nilimwambia Yasir amesema plaiwudi inatosha. Akaniuliza kama Yasir amewahi kuzama. Alikata, akapiga misumari, akatoboa tundu la spika na tundu la kupumulia, yote sawasawa na mchoro, sentimita kwa sentimita. Mkono wake ulikuwa bado wa fundi, wallahi. Siku ya tatu nikaenda kusali adhuhuri, niliporudi nikamkuta anasukuma pamba kwenye maungio kwa tindo na nyundo, pamba yenyewe inang'aa imelowa. Sikuuliza imelowa nini. Pwani yote ile inanuka hivyo hivyo, na pua yangu ilikwisha zoea. Hilo ndilo kosa langu, na nalikiri.

Siku ya nne akayaziba matundu kwa vibao, akaniambia tulitie baharini.

"Ami! Sanduku la muziki?"

"Hakuna kitu kitakachotoka mkononi mwangu bila kungia majini kwanza. Shika huko."

Tukalisukuma na wanaume wawili. Likaelea. Ami akalitazama, akatikisa kichwa.

"Tupu kila kitu huelea. Panda yuu."

Nilikataa. Nilikataa mara tatu, nikimtajia umri wangu na heshima ya marehemu baba. Lakini Alhamisi ilikuwa keshokutwa, na ukimkasirisha Ami hugeuka na kwenda zake. Nikakusanya buibui langu, nikapanda, nikakaa juu ya sanduku langu katikati ya bahari ya Mwenyezi Mungu, pwani yote ikisimama kutazama. Ami alikuwa ameshika kamba ya sanduku. Kisha mtu akampa salamu, na Ami ni mtu wa adabu, akaitika kwa mikono miwili.

Maji yalikuwa yanatoka. Nikaondoka nayo.

Faiz, kijana wa boti za abiria, alikuwa akipita na watu wake. Akapunguza mwendo.

"Da Radhiya! Wendapi?"

"Mokowe!" nikamjibu, maana ningesema nini? "Nivute, mwana wa watu, usinicheke!"

Alinivuta, na alinicheka. Abiria wote walinicheka, na mmoja alinipiga picha ambayo mpaka leo inatembea kwenye simu za watu. Nilipofika ufukweni nilikuwa nimekwisha tayarisha maneno ya kumwambia Ami, maneno mazito. Lakini yeye alikwisha ng'oa kibao, ametia mkono ndani mpaka begani, akautoa umejaa unga wa msumeno. Mkavu kabisa.

"Haya. Nambie upepo utatokea wapi," akasema.

Nilimbusu mkono.

Jumatano Yasir akafunga spika na amplifaya, nikachomeka gitaa dukani kwake, nikapiga uzi mmoja tu, ule mnene. Makopo ya maziwa kwenye duka la jirani yakatembea rafuni. Chokaa ikadondoka. Nimepiga besi miaka tisa, sijapata kusikia besi yangu ikiwa hivyo, nene, mviringo, imetulia. Nikakaa kwenye kibao cha Yasir nikalia kwa furaha, na yeye akajifanya anatafuta skrubu.

Alhamisi baada ya alasiri, mahamali wanne walilibeba sanduku mpaka nyumba ya Bi Ruba, wakipumzika kila kona na kuniuliza kama ndani yupo maiti. Paka walitufuata. Kwanza wawili, kisha sita. Nikasema moyoni paka wa Mkomani hawana kazi.

Uani kulikuwa kumejaa wanawake, mikono ina hina, vichwa vina asumini, chetezo cha udi kinazungushwa. Bibi arusi amekaa kwenye kiti chake cha mapambo. Pembeni yake bibi yake, Bi Mwanaarabu, aliyezaliwa Kiunga kwa wavuvi, sasa anakaribia miaka tisini, amekaa kimya akimtabasamia kila anayemwona akifungua mdomo, maana masikio yake yalikwisha siku nyingi. Bi Barka alilitazama sanduku langu, akalizunguka, akalipiga kofi.

"Tutasikia," akasema.

Wimbo wa kwanza, wanawake waliinuka wote. Sisemi kwa kujisifu. Hata waliokuja kula tu waliinuka. Nilimwona Bi Barka akigeuza shingo kidogo kuja kwangu, na kwa Bi Barka huko ni kukumbatiwa.

Wimbo wa pili, amplifaya ikapata moto humo ndani, na mbao zikapata moto.

Aliyeanza kunusa ni mama mmoja wa mstari wa mbele. Akanusa kulia, akanusa kushoto, akamfunua mtoto wake akamkagua, akamfunika. Jirani yake akavuta leso puani. Bi Ruba, mama wa bibi arusi, akaenda mbio jikoni, nikamsikia akipiga kelele: "Nani anapika papa siku ya arusi ya mwanangu?" na mpishi akiapa kwa msahafu kwamba ni biriani ya mbuzi. Wakaongeza udi. Ikawa udi na papa, na hiyo, mabibi, ni mbaya kuliko papa peke yake.

Hapo ndipo nilipoelewa ile pamba ilikuwa imelowa nini. Sifa! Mafuta ya papa, yale wanayopaka vyombo. Ami alitia pamba kama alivyotia miaka hamsini, na hajawahi kuona chombo kikilalamikiwa harufu. Na sanduku lake halina upenyo hata wa sindano, kwa hiyo harufu yote ilitoka mahali pamoja tu, tundu la kupumulia, lililoelekezwa kwenye nyuso za wageni. Kila nilipopiga uzi, lilitoa pumzi moja. Uzi mwembamba, pumzi ndogo. Uzi mnene, ya Rabi tustiri!

Nikaanza kupiga nyuzi nyembamba tu. Nikapiga kidogo kidogo, kwa kuiba. Haikusaidia, maana paka walikwisha ingia. Waliteremka ukutani, wakapita chini ya viti, wakaja kukaa mbele ya spika yangu kwa safu, wastaarabu kuliko wageni wengine. Mmoja wa manjano akatia kichwa tunduni. Wakati huo huo ubeti ukafika mahali ambapo lazima upige uzi mnene, na mkono wangu haujui kudanganya. Nikaupiga. Paka akatoka kinyumenyume, akaruka, akatua kwenye sinia ya halua.

"Zima!" Bi Barka akasema kwenye maikrofoni, kila mtu akasikia. "Radhiya, zima hilo dude. Shifa, tia mkono wa kushoto."

Nikazima. Niliweka gitaa mapajani kwa aibu. Miaka tisa, imekwisha kwa sababu ya papa. Nilianza kufikiri nitawezaje kutoka bila kupita mbele ya watu.

Shifa akapiga kwa mikono miwili, maskini, vizuri tu. Lakini ule mngurumo wa kinanda ulikuwa mwembamba, na wanawake waliokuwa wanacheza wakaanza kutengeneza mitandio, kisha mmoja akakaa, kisha watatu, kisha wote wanajipepea na kuzungumza habari zao. Bi Barka akaimba kwa nguvu zaidi. Hakuna aliyeinuka.

Ndipo Bi Mwanaarabu akainua mkono wake wenye hina.

"Mbona mumenyamaza?" akauliza kwa sauti ya watu wasiosikia, kubwa kuliko maikrofoni.

Kinanda kikakatika. Bi Ruba akamwinamia sikioni. "Hatukunyamaza, mama! Waimba!"

"Hawaimbi. Walikuwa wakiimba, wamenyamaza."

"Tumezima lile sanduku, mama! Lanuka!"

"Lafanyani?"

"LANUKA! LANUKA PAPA!"

"Na linuke!" Bi Mwanaarabu akasema. "Mimi wa Kiunga, papa hajaniua bado." Kisha akaweka kiganja kifuani, akaanza kulia, si kwa kelele, machozi tu. "Miaka kumi na moya naletwa kwenye arusi naona midomo ya watu. Leo sauti ilikuwa ikinipiga hapa. Nimesikia arusi ya mjukuu wangu, nanyi mwaniondolea kwa sababu ya pua zenu?"

Hakuna aliyepumua, na safari hii si kwa harufu. Bi Ruba akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akavua leso yake, akaifunga puani kama daktari, akarudi kukaa kando ya mama yake. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka ua mzima ukawa na leso puani.

Mimi nilimtazama Bi Barka. Uamuzi ulikuwa wake yeye. Alisimama na maikrofoni, paka wakimzunguka miguuni. Hakunitazama hata mara moja.

"Shifa," akasema mwishowe. "Mkono wa kushoto, weka pajani."