Jibu la Solange

Wakati wa vita, Victorine alikuwa fundi wa kushona huko Kimemi, mjini Butembo, na ugonjwa wake aliujua. Kulikuwa na miezi ambayo moyo ulimzimika, akashindwa hata kuoga. Kisha ghafla ulimwaka, akashona bila kusinzia huku akigombana na kila mtu. Shida ni kwamba ukimwaka, mwenyewe alijiona mzima kabisa. Kwa hiyo alimwomba mdogo wake Solange, aliyeishi na kushona pamoja naye, amwangalie.

"Muganga Phinées akikuuliza habari yangu, umuambie kweli."

"Ni sawa, yaya," Solange akamjibu dada yake.

Phinées, muuguzi wa kituo cha afya, alipopita nyumbani hakuanza na dawa. Alimvuta Solange pembeni, akamuuliza mambo ya kila siku. "Analala? Anakula? Anapatana na batu?"

"Analala muzuri, muganga. Kazi yote anafanya. Hapana shida."

Siku hizo Victorine hakuwa amelala wala kuonja chakula. Waasi walioshika mji walikuwa wameagiza sare, na cherehani yake haikupoa. Phinées aliona rundo la suruali zilizoshonwa vizuri, akaridhika, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata Victorine alishika njia ya Beni kwa miguu, akisema anakwenda kumaliza vita. Kwenye kizuizi alimvua askari kofia. Walimpiga mpaka mkono ukavunjika, na ni dereva wa lori aliyemrudisha.

Akili ilipomtulia, akiwa kitandani pale kituoni, alimlaumu Phinées. "Haukuona kama nagonjwa?"

"Mudogo yako aliniambia unalala," muuguzi akajibu kwa aibu. "Ningejua, ningebadilisha dawa."

Mchana Solange alileta bugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Victorine hakugusa.

"Ulijua kama mimi silale?"

"Niliona, yaya." Solange akatazama sakafu. "Lakini ulikuwa unashona sana. Ukiwa muzima, haushone vile."

Fimbo za askari hazikumuuma Victorine kama maneno hayo. Wale hakuwabeba mgongoni kama alivyombeba Solange alipokuwa mtoto.

Jioni Phinées alimuuliza: "Sasa habari yako nitauliza nani?"

"Mwalimu Kapinga, yule wa Kasai aliyepanga karibu yetu. Yeye hashone."

Solange alikuwa mlangoni, anasikia. Victorine hakupunguza sauti.