Asubuhi Bila Ndoo

Huko Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, siku huanza na ndoo. Wafanyakazi hupasha moto maji ya chumvi, kila mtu akatumbukiza mikono na kuiacha humo mpaka vidole vikubali kushika reki. Ukiuliza sababu, msimamizi wao Mutuku atakwambia ni chumvi ya mgeni. Eti kila anayetoka bara huingiwa na chumvi mifupani, na mifupa ikishaizoea, maumivu huisha yenyewe.

Jedida, naye wa kutoka bara, alikuwa na mwaka wa pili akingoja mifupa yake izoee, na alikuwa amechoka kungoja. Wakati wa masika, mashamba yalipofungwa kwa mvua na wenzake wote wakapata nafuu, mikono yake ndiyo kwanza ilivimba, wa kulia na wa kushoto sawasawa, vifundo vya vidole vimeumuka kama mandazi. Chumvi gani hiyo inayomuuma mtu aliye kwake, ambaye hajaigusa miezi miwili? Alimuuliza Mutuku hivyo hivyo, mbele ya watu. Mutuku, ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila glavu, akajibu kwamba watu wa siku hizi ni legelege.

Mara mbili Jedida alikwenda hospitali Malindi, na mara mbili alirudi na vidonge vya maumivu. Alikuwa akifika mchana, vidole vimeshalainika, daktari akaviona vinakunjika vizuri, basi. Mara ya pili alilia njiani kwa hasira. Na aliogopa, tuseme ukweli. Mikono ile ndiyo iliyomlisha, na kila mwezi ilimnyima kitu: kwanza vifungo vya gauni, kisha kifuniko cha chupa ya chai. Ndipo alipoikumbuka ndoo. Kumbe siku zote alikuwa akiufuta ushahidi mwenyewe, kabla haujamfikia daktari.

Mara ya tatu hakuloweka. Alifika dirisha la mapokezi hospitalini saa moja asubuhi, vidole vimekakamaa. Karani, binti aitwaye Whitney, akamsukumia daftari na kalamu.

"Andika jina, mama, halafu ukae. Wewe ni wa thelathini na moja."

"Siwezi kuandika."

"Hukusoma?"

"Nilifika kidato cha nne. Kalamu ndiyo haishikiki." Jedida akaiweka mikono yote miwili juu ya daftari. "Ikifika saa tano itakuwa imelegea, na daktari ataniambia sina kitu. Mwite aione sasa hivi. Mimi sitoki hapa."

Foleni ikanung'unika. Mtu mmoja akasema mama huyu ana kiburi.

"Ninacho," Jedida akajibu, wala hakugeuka.

Daktari Nyakio alikuja na uso wa mtu aliyeitwa kutuliza fujo. Alivibonyeza vifundo kimoja kimoja, Jedida akauma meno, na daktari akaacha kuharakisha. Akaagiza damu ipimwe na mikono ipigwe picha. Wiki iliyofuata ugonjwa ukapata jina: baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili huvigeukia viungo na kuvishambulia.

"Si chumvi, na si ya wazee peke yao," daktari alimwambia. "Haiishi kabisa, lakini umeiwahi. Ukianza dawa sasa na kuja kupimwa kila ukiitwa, tunaweza kuizuia isikupinde vidole."

Jedida alirudi Marereni akawaeleza wenzake wote, kwa sauti, kando ya ndoo. Mutuku alingoja watu watawanyike, akavua glavu. Vidole vyake vyote vilikuwa vimelalia upande mmoja.

"Tangu lini?" Jedida akauliza.

"Mwaka wa kumi na moja huu."

Jedida akafoka. "Na mimi ulitaka nifike hapo?"

Mutuku akaanza kuzivaa glavu tena. Jedida alitamani amwache palepale na glavu zake.

"Kesho tunaondoka alfajiri kwenda Malindi," akasema. "Na ole wako uiloweke hiyo mikono."