Baraza la Nani Lilitangulia

Miaka yote nimewaambia watu wa Kibokoni kwamba baraza la nyumba yetu, hili la mawe nililokalia, ndilo la kwanza kujengwa mtaani. Imtiaz, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akiguna tu.

Basi mjukuu wangu Tahseen akatakiwa chuoni aandike insha ya utafiti wa historia. Nikamwambia, "Andika habari za baraza letu. Mimi nasimulia, wewe waandika."

Akaniuliza, "Babu, ulikuwepo lilipojengwa?"

Nilimfokea. Tangu lini mtoto akamhoji babu yake kama polisi? Lakini Tahseen ni mkaidi, na ukaidi huo hakuuokota njiani. Alianza na swali lake, akapanga watu wa kuwahoji, akaenda hata kwa Imtiaz. Huko akaonyeshwa picha ya harusi ya babake Imtiaz. Bwana harusi amekaa kwenye baraza lao, na kando yake inaonekana nyumba yetu, ukuta mtupu, baraza hakuna.

Akaandika vivyo hivyo. Nilinuna, kisha nikaisoma insha yenyewe. Hamna neno lisilo na ushahidi. Nami nimetajwa kwa adabu zote, halafu nikakanushwa.

Sasa kila anayekuja kunywa kahawa hapa namsomea ukurasa huo kwa sauti. Jana Imtiaz alipita akichekelea. Nikamwita, "Baraza lako ni kongwe, sawa. Lakini aliyelithibitisha katoka nyumba hii!"