Mkono wa Nane

...sita, saba, karani anahesabu mikono kwa ncha ya kalamu, wangu nimeukalia, umeanza kufa ganzi, na ufe, mwenyekiti kauliza waziwazi, wanaounga mkono wodi ya wazazi ifungwe ili jengo liwe ofisi za halmashauri wanyooshe mikono, madiwani tuko kumi na watano, wakipata wanane imekwisha, na wa nane ni mimi, kalamu imenifikia ikasimama, mnadhimu wa chama chetu ananigonga goti chini ya meza, tena lile lililopasuliwa mara mbili, hana hata haya, na jana kwenye kikao cha chama si alinifundisha mpira, mimi, niliyecheza ligi kuu miaka kumi na mmoja, eti Komeo, wewe beki unajua, mtego wa kuotea ni mstari, tukipanda tunapanda wote, wenzangu wakacheka mpaka wakashika mbavu, maana nani asiyeikumbuka ile fainali, nahodha akapaza sauti pandeni, mabeki watatu wakapanda, mimi nikabaki, tukafungwa, nikawa wimbo wa kila kijiwe, nikawaambia waandishi sikusikia, kelele za mashabiki, kocha nikamwambia hivyo hivyo, mke wangu hivyo hivyo, miaka kumi na miwili naomba radhi kwa masikio yasiyo na kosa... uongo mtupu, nilisikia kama ninavyoisikia feni hii inayokwaruza, nilibaki kwa sababu nilimwona yule winga, alianzia upande wao wa uwanja, na anayeanzia upande wao haotei hata tupande mpaka mawinguni, nani angemfuata, nilimfuata mimi, peke yangu, nikamkosa kwa hatua moja, na nilipogeuka wenzangu watatu walikuwa wamesimama pale pale, mikono juu, wanamlalamikia mshika kibendera, mikono juu na mpira uko wavuni, kama hawa saba, watazame, mikono juu, na mdogo wangu wa kike mwaka jana alifikishwa wodi ile mchana wa jua kali, dakika tano tu mpwa wangu akatoka analia, hospitali nyingine ni mwendo wa saa nzima, angezalia wapi, kwenye kiti cha gari, na mkunga mkuu aliyempokea ndiye aliyenishika mkono wakati wa kampeni akaniambia, baba, sisi hatutaki fulana wala kofia, tunataka mlango huu usifungwe, nikamwambia naitwa Komeo lakini huu sitaufunga, akacheka, akanipigia kura... mnadhimu ananisogelea, ananong'ona jina langu halitarudi uchaguzi ujao, halafu analainika, ndugu yangu, sema hukusikia swali, mwenyekiti atarudia, hakuna atakayejua, na ananipa uongo wangu mwenyewe, uleule, umefuliwa na kupigwa pasi, ningeuvaa tu, unanienea vizuri, miaka kumi na miwili umenienea, hapana, nimechoka kuomba radhi kwa jambo nililolifanya kwa akili yangu timamu, mwenyekiti anakohoa, mheshimiwa, hukusikia?, mikono saba bado iko juu, mmoja umeanza kutetemeka kwa kuchoka, na mimi naivuta maikrofoni karibu, nimesikia, mheshimiwa mwenyekiti, nimesikia vizuri sana, karani bado kanielekezea kalamu, anangoja, basi angoje.