Salamu kwa Watu wa Hanka

Siku lori lilipokuja Ibra, Omani, kubeba vyombo vya mwanawe Thabit, Bi Turkiya alisimama mlangoni kashika sufuria pana ya mkamwana wake, akingoja kuambiwa iwekwe wapi. Olena alipita na mito, akapita tena na viatu, ndipo akasema, "Iache tu, Mama. Kule nitanunua nyingine." Hakusema kwa ubaya. Azza, mjukuu, akapunga mkono kutoka kwenye gari la baba yake, na ukutani pakabaki alama nyeupe pale palipokuwa na kabati.

Ilikuwa mwaka 2004. Thabit alisema amepata karakana Firq, karibu na Nizwa, na kazi ziko huko. Bi Turkiya aliitikia. Alijua kilichowahamisha si karakana.

Yeye alikulia Tengeru, njia ya Arusha. Baba yake alikuwa na duka karibu na kambi ya Wapolandi, watu waliofikishwa huko na vita vya Hitler. Rafiki yake alikuwa Hanka, msichana mwenye nywele kama makumbi ya nazi, aliyekijua Kiswahili cha dukani chote, matusi yakiwemo. Mama yake Hanka aliwafundisha kusukuma unga, kuujaza viazi na vitunguu, kuubana kingo na kuuchemsha. Siku moja mama huyo aliletewa barua, akapiga ukelele, na unga ukakauka mezani. Turkiya hakuambiwa barua ilikuwa na nini. Kambi ilipofungwa, Hanka alimwandikia kwenye karatasi jina la kijiji chao, akapanda lori. Hakuandika tena.

Miaka mingi baadaye Thabit akaenda kusoma Lviv, akarudi na mke wa Kiukraini. Wiki ya kwanza Bi Turkiya akampikia vile vya Hanka. Olena akatafuna kimoja, akalia.

"Hivi ni vya bibi yangu," alisema.

Tangu hapo kila Alhamisi walikaa jikoni wawili, wakibana unga. Jirani yao Ghaniya hakuacha kuwacheka. "Sambusa gani hizi? Mmezitia motoni au mmezikogesha?"

"Kula unyamaze," Olena alikuwa akimjibu, kwa Kiswahili kile kile cha mkwewe.

Mwaka 2003 Olena alipofunga safari ya kwao, Bi Turkiya alitoa ile karatasi sandukuni. Kwa watu wao, Waomani waliotoka Afrika Mashariki, hakuna aendaye Unguja wala Arusha asibebeshwe salamu na majina ya watu wa kutafutwa, naye hakuona tofauti.

"Ni huko huko kwenu, ilipokuwa bado Polandi. Hata akiwa mjukuu mmoja tu, mwambie Turkiya wa dukani anamsalimu."

Olena aliisoma. "Mama, hapa ni nusu saa kwa miguu kutoka kwa babu yangu."

"Alhamdulillahi! Kumbe majirani!"

"Ndiyo," alisema Olena, akaikunja. "Majirani."

Alirudi baada ya wiki sita. Alhamisi ile alikaa jikoni bila kuugusa unga.

"Hakuna kijiji, Mama. Kuna shamba la ngano, miti minne ya matunda, na msalaba. Watu wake walichomwa mwaka arobaini na tatu."

"Na Wajerumani?"

"Na watu wetu, Waukraini. Wapiganaji wa msituni. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alipigana na Wajerumani, akapigana na Warusi, akafia Siberia. Skuli yetu ina jina lake. Mimi nilipokuwa huko nilikuwa nikimwekea maua." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikauliza wazee kama siku ile alikuwako. Wakaniuliza habari za joto la huku. Mama yangu akaniambia, 'Nani kakutuma umchafue baba yangu?' Nikamwambia, 'Kanituma mama yangu.' Tangu siku hiyo hasemi nami."

Hapo Bi Turkiya angemshika mkono, yakaisha. Lakini marehemu mumewe alikuwa wa Unguja, na mwaka sitini na nne ndugu yake alichukuliwa na jirani aliyekuwa akila kwao. Mpaka anakufa mume huyo hakuacha kuuliza kaburi liko wapi. Bi Turkiya alikuwa ameishi na maswali ya aina ile miaka yote, na moja likamtoka lenyewe.

"Lakini wewe, mwanangu, unadhani alikuwako?"

Olena akainuka. Alhamisi iliyofuata alisema kichwa kinamuuma, na iliyofuata tena, mpaka lori likaja.

Bi Turkiya bado husukuma unga wa watu wawili. Vinavyobaki humpelekea Ghaniya, ambaye siku hizi hafanyi mzaha. Mara moja Azza alimnong'oneza kuwa hata Firq mama yake havipiki.

Thabit na familia yake huja Ibra Ijumaa moja kwa mwezi. Olena husema shikamoo, hula, huosha vyombo. Sufuria yake iko juu ya rafu. Karatasi ya Hanka anayo yeye, hajairudisha, na Bi Turkiya hajaiulizia.